Paa la Bi. Verlene na Fedha ya Uchakavu

Kitendawili!

Umeitika, vizuri. Basi sikiliza: nina mdeni wangu, deni analikiri mbele za watu, hata karatasi ameniandikia, lakini hanilipi mpaka nijilipe mwenyewe kwanza.

Fikiri. Si tumbo, tumbo halikiri deni. Si mume, mume haandiki karatasi. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Usinipe mji mkubwa, miguu yangu haitauzunguka. Nipe Harmon Flat, kule Texas ya juu, ambako ardhi imelala kama mkeka na upepo haubishi hodi. Nimekwenda, nimekaa, nimekula maharage yao na mkate wao wa mahindi, na jibu nimelikuta juu ya paa la mjane mmoja, Bi. Verlene Stucker. Mdeni huyo ni bima ya nyumba.

Mvua ya mawe iliyoleta mambo yote haya haikuanza kwa kunyesha. Ilianza kwa kupiga. Bi. Verlene alikuwa zizini nyuma ya nyumba, akiwapa ng'ombe wake saba majani makavu, na mbingu ilikuwa ya kijani kama jeraha lililokaa siku nyingi. Jiwe la kwanza, kubwa kuliko ngumi ya mwanamume, lilimwangukia ndama mweupe katikati ya masikio. Ndama alipiga magoti kama anayesali, asiinuke tena. Jiwe la pili lilimpata Bi. Verlene mwenyewe begani, akausikia mfupa wake wa mtulinga ukikatika, ta! kama ukuni mkavu. Akajiburura mpaka chini ya trela, akalala kwenye matope na mkono umemlegea, huku ng'ombe wakipigwa na wakilia kilio ambacho hakuwahi kukisikia kwa ng'ombe. Nyumba nayo ilikuwa inapigwa. Vioo, mabomba, paa. Dakika kumi na mbili tu. Ilipokwisha, ng'ombe wawili walikuwa wamekufa pamoja na yule ndama, na paa la nyumba lilikuwa kama uso wa mtu aliyetoka ndui.

Mkaguzi wa bima alikuja na ngazi na chaki, kijana mwenye viatu safi. Alipanda, akachora miduara, akashuka, akakaa mezani na karatasi.

"Paa jipya la nyumba hii, Bi. Verlene, ni dola elfu ishirini na nane. Lakini lililovunjika halikuwa jipya, lina miaka kumi na minne. Kwa hiyo tunakata uchakavu, elfu kumi na moja. Halafu tunakata sehemu yako mwenyewe iliyo kwenye mkataba, elfu tatu. Hundi yako ni elfu kumi na nne."

"Na hizo kumi na moja mmezila?"

"Hatujazila, mama. Tumezishika. Ezeka kwanza, utuletee hati na picha ndani ya mwaka mmoja, tutazitoa zote."

"Yaani nijenge kwa hela ambayo mnayo nyie, ndiyo mnipe hela ya kujengea."

"Ndivyo mkataba unavyosema."

"Baba wee," alisema Bi. Verlene na mkono wake kwenye kombeo la kitambaa, "mkataba huo aliuandika mtu mwenye paa."

Sasa, fundi. Baada ya mvua ile mafundi walichipuka Harmon Flat kama uyoga, magari yao yana namba za majimbo ya mbali. Walichukua hundi za watu, wakatandaza turubai, wakapotea. Fundi aliyezaliwa palepale alikuwa mmoja tu, Rance Tillery, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mabega mapana, na jicho la kushoto la kioo. Likikutazama hujui kama limekuona.

Rance alikuja, akapewa kahawa na kipande cha pai, akaisoma karatasi ya bima kwa jicho lake moja.

"Hizi elfu tatu zako zisahau," akasema. "Nitazimeza mimi. Nakuezekea kwa hii kumi na nne, bima wakiachia ile kumi na moja ya uchakavu unanipa, tumemalizana."

"Si utapata hasara?"

"Bi. Verlene, nawamezea mji mzima. Tumbo limeshazoea."

Huko hiyo ndiyo ada. Fundi asiyemeza sehemu ya mwenye nyumba huambiwa mchoyo, na mwenye nyumba anayeilipa huambiwa hana rafiki. Sheria ya jimbo ilikwisha kulikataza jambo hilo, lakini sheria ilikaa kwenye vitabu katika mji mkuu, na mapaa yalikuwa Harmon Flat. Walipeana mikono. Mkono ukishapewa huko, karatasi ni ya kufungia samaki.

Rance alipofika mlangoni aligeuka.

"Nikuulize kitu kimoja tu, kwa kuwa nakufanyia hisani. Ijumaa ile ya mechi. Doyle alikuwa mezani kwako kweli?"

Bi. Verlene alikuwa anapangusa meza. Kitambaa hakikusimama.

"Pai umeiacha nusu. Nikufungie?"

Rance alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nifungie."

Mimi sikufichi. Doyle ni mtoto wa pekee wa Bi. Verlene, fundi wa kuchomelea vyuma, na hasira zake zilimtangulia kuzaliwa. Miaka ishirini na miwili nyuma, Ijumaa ya mechi ya shule, Rance aliyekuwa na miaka kumi na tisa alifuatwa kwenye maegesho na mtu aliyetokea nyuma yake. Mtu huyo alivua mkanda, akaushika kwa ngozi, na ile bizimu ya shaba aliyoishinda kwenye mashindano ya farasi akaizungusha kama kombeo. Alimpiga nayo Rance usoni mara nne. Ya kwanza iliondoa meno. Ya tatu iliondoa jicho. Kisa chenyewe kilikuwa mzaha juu ya msichana ambaye mwaka uliofuata aliolewa na mtu mwingine kabisa.

Doyle alifika nyumbani na vifundo vya vidole vimechubuka. Mama yake hakumuuliza. Shati alililoweka kwenye maji baridi na chumvi, maana maji ya moto hugandisha damu, na bizimu akaisugua kwa mswaki. Rance aliposema mpigaji ni Doyle, Bi. Verlene alisimama mbele ya hakimu wa kaunti, mkono juu ya Biblia, akasema saa hiyo mwanangu alikuwa mezani kwangu anakula maharage na mkate wa mahindi. Nani angembishia? Alikuwa mpishi wa shule. Hakimu mwenyewe alikula chakula chake utotoni. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Bi. Verlene alipita hapo: alimtazama aliyetoa jicho la mwenzake, akamwita mtoto mzuri.

Lakini kiapo kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo ulimi wake haukuweza tena kusema ndiyo isiyo ya kweli. Muuza duka akizidisha chenji, anarudi nayo. Na mvua ya mawe ilipopita, mafundi wakamjaa mlangoni, alimpigia simu Rance. Kwa nini yeye, hakumwambia mtu.

Foleni ya mapaa ilikuwa ndefu. Zamu yake ilifika Machi. Rance aliezeka vizuri, vigae vya lami vya rangi ya mkaa, misumari imenyooka kama mshono wa mashine. Picha zikapelekwa, hati ya kazi ikapelekwa. Mei ikaingia. Kisha simu ikalia.

"Naitwa Bi. Pruett, wa bima. Simu hii inarekodiwa. Kila kitu cha paa lako kimekamilika, kimebaki kimoja. Ile sehemu yako ya elfu tatu, ulimlipa fundi wewe mwenyewe?"

Bi. Verlene alitazama dari.

"Bi. Verlene?"

"Nimeacha kitu jikoni," akasema, akakata simu.

Barua ikafuata. Kampuni inataka ithibati ya malipo ya sehemu yake, nakala ya hundi na risiti iliyotiwa sahihi, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, mwaka unapotimia. Ikikosekana, ile elfu kumi na moja inabaki kwa aliyeishika, moja kwa moja.

Jumatatu Rance alikuja na risiti ameshaiandika. *Nimepokea dola elfu tatu.* Doyle alikuwepo, ameegemea friji, anatafuna kijiti cha meno.

"Mpigie yule mama, mwambie ndiyo," alisema Rance. "Neno moja."

"Sikukulipa, Rance."

"Nani asiyejua? Mji mzima umesema ndiyo. Mchungaji amesema ndiyo! Nyumba ya Mungu ina paa la ndiyo!"

"Mchungaji ana ulimi wake."

"Vigae nimekopa, Bi. Verlene. Mwenye duka keshanitumia mtu wa mahakama. Kumi na moja hiyo ni ya watoto wangu."

"Mama," alisema Doyle, "sema ndiyo, huyu chongo aende zake."

Rance aligeuza kichwa taratibu mpaka jicho lake zima likampata. "Rudia."

"Chongo."

Kikombe cha kahawa kilipasuka ukutani, sentimita mbili kutoka sikio la Doyle. Kabla vipande havijatua, Rance alikuwa amemkamata kola na kichwa cha Doyle kimegonga mlango wa friji, kimegonga tena, chupa zikilia ndani. Doyle alimpiga goti la tumbo. Wakazunguka kama mafahali kwenye kibanda, meza ikaenda upande, kiti kikavunjika mguu. Bi. Verlene aliingia katikati akiwaita kwa majina yao yote, kama alivyokuwa akiwaita kwenye foleni ya chakula cha shule. Kiwiko, sijui cha nani, kilimpata shavuni. Alianguka chali juu ya vipande vya kikombe.

Ndipo wakasimama. Damu ilikuwa inamtoka Bi. Verlene mkononi. Rance aliinama kumwinua, Doyle akamsukuma kando, akamwinua mama yake mwenyewe.

"Wewe unajua kuapa," Rance alisema akihema. "Ulimwapia huyu, mkono juu ya Kitabu, wala hukutoka jasho. Leo nakuomba neno moja la simu unaona kichefuchefu?"

"Nipe mpaka Alhamisi."

"Nimekupa miaka ishirini na miwili!" Sauti ilimkatika. Akaokota kofia yake. "Haya. Alhamisi mchana. Ikipita, nakuja kulivua paa langu, kigae kwa kigae, na wewe uangalie."

Alipokwisha ondoka, Doyle aliuliza bunduki ya baba yake iko wapi. Bi. Verlene alimwambia anywe maji. Kisha, akiwa peke yake, alizichukua risasi zote akazifukia kwenye kopo la unga.

Alhamisi asubuhi aliwapakia kwenye trela ng'ombe wake wawili walio bora, majike wenye mimba, akaenda mnadani bila kumwambia mtu. Kwa nini hakusema? Kwanza hakujua watauzwa bei gani. Pili, aliyekula kiapo cha uongo peke yake alitaka kulipa peke yake. Zamu yake ilichelewa. Saa tano, saa sita, mnadi anabwabwaja kama sufuria ya uji, na Bi. Verlene amekaa kwenye benchi la mbao akitazama saa ya ukutani. Walitoka elfu tatu na mia nne. Akakimbilia benki, karani akamwandikia hundi ya benki ya elfu tatu kwa jina la Rance Tillery, wakampa na nakala. Akaitia kifuani, si kwenye mkoba.

Ilikuwa saa nane alipokunja kona ya kwake, na alianza kuona vitu vyeusi vikiruka hewani kama kunguru wasiojua kuruka. Vilikuwa vigae.

Rance alikuwa juu ya paa. Vibarua wake wawili walikuwa wamekataa kupanda, wamesimama kando ya lori, kofia mikononi kama watu wa mazikoni. Amepanda mwenyewe na sepetu yake yenye meno, anaichomeka chini ya vigae na kung'oa, anachomeka na kung'oa, jasho linamtiririka, na kila pigo analisindikiza na neno. Sehemu kama ukubwa wa mkeka ilikuwa imebaki mbao tupu.

"Rance!" Bi. Verlene aliita. "Shuka! Ninayo!"

Upepo ulilichukua jina lake ukalipeleka Oklahoma. Na wakati huohuo aliiona ile ngazi ikitikisika. Doyle alikuwa anapanda, spana ndefu ya mabomba mkononi.

"Doyle, usithubutu!"

Mtoto wa miaka arobaini na mitatu hasikii kuliko wa mitatu. Alipanda. Rance alimwona kichwa kilipotokeza, akampiga na ubapa wa sepetu, Doyle akakinga kwa mkono. Mfupa uliitika. Bi. Verlene aliujua mlio ule, aliusikia begani mwake mwaka uliopita. Lakini Doyle hakuanguka. Alirusha spana kwa mkono uliobaki, ikampata Rance kwenye goti, na Rance alipoinama kwa maumivu Doyle alimdaka kifundo cha mguu akamvuta. Waliteleza pamoja kwenye mteremko, vigae vikiwachuna, Rance akikwaruza apate pa kushika na kucha zikibaki juu ya lami. Ukingo ukapita. Wakaanguka wote wawili juu ya sanduku la chuma la kipoza hewa, kisha chini.

Vibarua walipiga kelele. Bi. Verlene alikuwa ameshaanza kukimbia, na magoti yake ya miaka sitini na tisa.

Doyle ndiye aliyetua juu. Mkono wake wa kushoto ulining'inia kama soksi, mbavu za Rance zilikuwa zimevunjika na pumzi haimpandi, lakini Doyle hakuona mtu aliyeshindwa. Alimkalia kifuani. Akampiga ngumi moja, ya pili, mdomo ukapasuka. Kisha akaacha kupiga. Akafungua kiganja, akakishika kile kichwa kwa vidole vinne, na kidole gumba akakipeleka polepole kwenye jicho la kulia. Lile zima. Rance alilifumba. Kidole kikaanza kukandamiza.

Bi. Verlene aliona uso wa mwanawe pale, mtulivu, kama mtu anayefunga kazi aliyoiacha katikati. Ni uso aliokataa kuufikiria kwa miaka ishirini na miwili, huku akisugua bizimu.

Kwenye trela palikuwa na fimbo ya umeme ya kuswagia ng'ombe. Hakumbuki alivyoichukua. Aliichomeka shingoni mwa mtoto wake, chini ya sikio, akabonyeza, akashikilia.

Doyle alilia sauti ya ndama. Alirushwa pembeni, akatetemeka kwenye majani. Akajaribu kuinuka kwa goti moja, macho mekundu.

"Mama?"

Akamchoma tena, kifuani. Akaanguka chali. Bi. Verlene alisimama juu yake, fimbo inanguruma mkononi.

"Inuka tena," alisema. "Inuka uone kama sitakuua mimi niliyekuzaa."

Doyle hakuinuka. Alilala akaanza kulia, kilio cha mkono uliovunjika na cha vitu vingine.

Mmoja wa vibarua alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Lingetoka mji wa jirani, nusu saa. Bi. Verlene alimburura Rance mpaka kwenye ngazi za baraza, akamwegemeza kwenye nguzo, akamfuta damu kwa pindo la gauni lake la mnadani. Jicho la kioo lilikuwa limeanguka njiani, lile lingine limevimba limefunga kama ngumi.

"Lipo?" Rance aliuliza. "Jicho. Niambie kama lipo."

Alimfungua kope kwa vidole viwili, kwa upole wote aliokuwa nao. Damu tupu, lakini katikati ya damu kitu cha kijivu kilisogea kikamtazama.

"Lipo. Linaniona?"

"Linaona nyekundu." Akavuta pumzi fupifupi, kila moja ikimchoma. "Umekuja na jibu?"

"Nimekuja na hundi." Aliitoa kifuani, imekunjwa, ina jasho, akamwekea kiganjani na kumfumba vidole. "Elfu tatu, hundi ya benki, jina lako. Nimeuza ng'ombe. Sehemu yangu nimeilipa, Rance, kweli imelipwa, hakuna aliyemeza. Sasa niandikie risiti ya kweli. Kesho saa kumi na moja haijafika. Paa uliloling'oa hapo utalirudishia leo kwa hawa vibarua wako kabla jua halijazama, na Bi. Pruett atapata picha na nakala, na kumi na moja yako utaipata yote."

Rance alianza kucheka. Kucheka kulimuumiza, akaacha.

"Ng'ombe. Si ungesema, mama wee. Simu moja."

"Ningesema. Sikusema."

"Sisi wote vichwa vya mbuzi."

"Wewe zaidi. Nani anang'oa paa lake mwenyewe?"

Alichukua kalamu kwenye mfuko wa shati la Rance na daftari lake la risiti lililolowa damu upande mmoja. Aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa za mpishi wa shule: tarehe, elfu tatu, sehemu ya mwenye nyumba, imelipwa. Akamshikisha kalamu, akamwongoza ncha mpaka mahali pa sahihi. Mkono wa Rance ulitulia pale juu ya mstari. Haukusogea.

"Tia sahihi, mwanangu. Hapohapo."

"Najua pa kutia."

"Basi tia."

"Nilikuuliza kitu siku ile ya pai," alisema Rance. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea nguzo, uso wake hauna jicho hata moja la kumtazama nalo. "Ukanifungia kipande. Nilikula njia nzima, kilikuwa kitamu. Lakini jibu hukunipa. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nililala hospitali nikiambiwa na watu wazima kwamba nilikosea, kwamba giza na damu zilinichanganya. Mama yangu mwenyewe aliniambia nikuombe radhi, kwa sababu ulikuwa unatulisha. Nikakuomba radhi, unakumbuka? Ulinipa maziwa."

"Nakumbuka."

"Sahihi hii sitii mpaka unijibu. Kumi na moja na zipotee. Nadaiwa, watoto wangu watakula maharage ya wenzao, na zipotee. Ijumaa ile, Doyle alikuwa mezani kwako?"

Kule kwenye majani Doyle aliinua kichwa. "Mama, usiseme kitu. Mama. Hawa wanaume wanasikia. Mimi mwanao."

Vibarua wawili walitazama viatu vyao. Barabarani kwa mbali king'ora cha gari la wagonjwa kilianza, chembamba kama mbu. Bi. Verlene aliweka ile fimbo ya umeme chini, kwenye ngazi, taratibu. Alimtazama mwanawe, vifundo vyake vilivyochubuka, kidole gumba chenye damu isiyo yake. Kisha akamgeukia yule aliyekuwa anasubiri na kalamu, akamshika mkono usio na kalamu, akaufunga ndani ya mikono yake miwili.

"Hakuwepo, Rance," alisema. "Nilikula peke yangu."